Jinsi ya Kupata Sumu: Mwongozo kwa Chura Kijana wa Makobola

Hongera, mwanangu. Mkia umekwisha, miguu imetimia, na sasa unarukaruka kando ya barabara ya Uvira na Baraka ukiwinda wadudu. Kila mwenye meno anakutamani. Unahitaji sumu, na sokoni Baraka wanauza ndagala, sumu ya chura hawana.

Anza kwa kuchagua mama mzuri. Najua umechelewa. Chura wa ukoo wako hutia sumu ndani ya mayai, na huo ndio mtaji wako wa kwanza. Kwa bahati mbaya mtaji huliwa. Kwa yule chura mkubwa wa Amerika aliyepelekwa Australia mwaka 1935, sumu hupungua katika utoto wa kiluwiluwi, na anayetoka majini ndiye mnyonge kuliko wote. Yaani wewe, leo hii. Kama dimbwi lenu lilikuwa na msongamano, jipe moyo: huko Hungaria, viluwiluwi waliobanana na washindani wengi walikutwa na sumu nyingi zaidi. Ugomvi wa chakula una faida zake.

Kisha kula, lakini usijidanganye kwamba sumu imo ndani ya sisimizi. Hiyo ni njia ya vyura wadogo wa rangi kali wa Amerika ya Kusini: wao huokota sumu kwa utitiri na sisimizi, na wakifugwa kwa nzi wa matunda wanabaki na rangi tu. Ninyi mnapika wenyewe. Malighafi ni kolesteroli, ileile ambayo daktari huwagombeza nayo wazee. Mwili wako huigeuza kuwa sumu ya moyo, maziwa meupe yanayotunzwa katika vifuko viwili nyuma ya macho. Sumu hiyo huziba pampu inayotoa sodiamu na kuingiza potasiamu katika chembe za moyo, na mapigo yakapotea njia. Wewe usiogope, pampu zako zina umbo ambalo sumu hailishiki vizuri. Kupika bila kinga hiyo ni upumbavu.

Wavivu wana njia zao. Kuna nyoka wa Japani anayemeza vyura na kuhifadhi sumu yao shingoni. Kwenye kisiwa kisicho na vyura hao, nyoka haohao hawana kitu. Kenya kuna panya mwenye manyoya marefu anayetafuna gome la msunguti, mti wa sumu ya mishale, na kujipaka mate yake ubavuni. Utafiti juu yake ulitoka mwaka 2011. Namvulia kofia, ingawa ni mwizi wa miti.

Ukishindwa yote, jifanye nyoka. Mwaka 2019 watafiti, akiwemo Chifundera Kusamba wa kituo cha Lwiro hapa Kivu ya Kusini, walieleza chura mkubwa wa misitu ya Kongo anayefanana na kichwa cha moma wa Gaboni, rangi na umbo, hadi kufoka. Sumu anayo, bado anaigiza. Huo ndio ukubwa.

Wewe huna vazi hilo. Mbwa akija, jivimbishe, inamisha kichwa umwelekezee vifuko, na usubiri. Sumu haitoki mpaka akubane kwa meno, na kasoro hiyo babu zako hawajairekebisha.