Heko, Python Isiyo na Makao

Mnazi umeimbwa, jahazi limeimbwa, hata mitumba imepata watetezi wake. Bado sijasikia mtu akiinuka hadharani kuisifia Python kwa lile jambo linaloiletea lawama kuliko mengine yote: ukishaiweka kwenye kompyuta, hujui imekaa wapi. Wanaoishi na lugha hii ya kuandikia programu huilaani usiku kucha, na asubuhi wanaitumia tena. Huo ni utovu wa shukrani. Acha niinuke mimi.

Kwanza tuutazame utajiri wenyewe. Chukua laptopu ya Apple ya mtu aliyeandika programu kwa miaka michache, fungua terminali, andika which -a python3. Mistari itashuka mmoja baada ya mwingine. Ipo ya /opt/homebrew/bin, iliyoletwa na Homebrew, zana ya kuwekea programu, pengine bila mwenyewe kuiomba, kwa kuwa programu nyingine aliyoitaka ilikuwa inaitegemea. Ipo ya /usr/local/bin, aliyoipakua kwenye tovuti rasmi siku alipoanza kujifunza. Ipo ya miniconda3, yaani ya wale wa conda, ndani ya folda yake binafsi, kumbukumbu ya kozi ya takwimu ambayo hakuimaliza. Mwisho kabisa ipo /usr/bin/python3, ambayo kwenye Mac si Python hasa bali ni bawabu: ukiigusa kabla hujaweka zana za Apple za waandika programu, inakuuliza kama ungependa kuzipakua. Wenzetu wanaoandika kwa lugha ya Go hukusanya kazi yao yote ndani ya faili moja, wakalibeba wanakotaka, likafanya kazi. Nawahurumia. Sijui wakikaa kunywa chai huwa wanalalamikia nini.

Utajiri huu una malezi ndani yake. Kijana anaandika pip install requests, yaani anaiagiza pip, zana ya Python ya kuletea maktaba, imletee maktaba iitwayo requests. Maandishi yanashuka, na mwisho anaambiwa imefanikiwa. Anaendesha programu yake, ambayo mstari wake wa kwanza ni import requests, anajibiwa kwamba hakuna moduli yenye jina hilo. Hapo hakuna aliyesema uongo. Python ni mzee mwenye miji mitatu: kila mji una jiko lake, na waliopika mji huu hawana habari na wenye njaa wa mji ule. Pip iliyoitika ilikuwa ya huku, python iliyoendesha programu ni ya kule. Kijana aliyemaliza chuo bila kuijua PATH, ile orodha ya folda ambazo kompyuta huzipitia kwa zamu kutafuta amri na kuishika ya kwanza inayoikuta, ataijua usiku huo huo. Toka hapo ataandika python3 -m pip maisha yake yote, ili pip na python ziwe za mji mmoja.

Kwenye Windows ukarimu ni wa namna nyingine. Zamani Python 2.7 ilikaa peupe kabisa, C:\Python27, kila mpita njia akiiona. Tangu toleo la 3.5, la mwaka 2015, ukiiweka kwa ajili yako peke yako inajisitiri ndani ya AppData, folda ambayo Windows yenyewe huificha. Na tangu 2019, ukiandika python kwenye Windows 10 ambayo haina Python, hukosi jibu: linafunguka duka la Microsoft.

Lakini heshima kubwa naiweka kwa Linux, maana huko sheria ipo na imeandikwa. Tangu 1994 kuna waraka unaosema faili za mfumo zikae wapi. /usr ni ya walioutengeneza mfumo, /usr/local ni ya msimamizi wa kompyuta husika, /opt ni ya vifurushi vya nyongeza vinavyotoka nje. Inaeleweka hata kwa mtoto. Hiyo /usr yenyewe, enzi Unix inazaliwa kule Bell Labs, ndimo zilimokuwa folda za watumiaji. Programu zikahamia humo, watu wakatolewa, siku hizi wanakaa /home. Kwa hiyo msishangae kwamba habari ya nani akae wapi haijatulia mpaka leo.

Ugumu ni kwamba Python si mpangaji tu ndani ya Linux. Sehemu ya mfumo imeandikwa kwa Python hiyo hiyo. Fedora, mojawapo ya aina za Linux, kwa miaka mingi hadi 2024 ilikuwa ikisakinisha programu zake kwa dnf iliyoandikwa kwa Python. Ubuntu, Linux nyingine, ina zana zake kadhaa za namna hiyo. Sasa mja anasikia toleo jipya limetoka. Analileta, kisha kwa mkono wake mwenyewe anaigeuza /usr/bin/python3 ielekee kwenye jipya, ajisikie wa kisasa. Kwenye matoleo kadhaa ya Ubuntu, terminali yenyewe huanzishwa na skripti ya Python inayotegemea maktaba za toleo la zamani. Kesho yake anabonyeza terminali, haifunguki. Na terminali ndiyo aliyokuwa aitumie kurekebisha. Nani mwingine anakupa somo la utii kwa mpigo mmoja namna hiyo, tena bure?

Watu wa Debian, nayo ni Linux, waliiona hatari ya kuigusa Python ya mfumo mapema. Ili Python ya mfumo isigombane na ile ambayo mtu ameijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, maktaba zinazoletwa na Debian waliziweka kwenye folda waliyoipa jina dist-packages, wakati dunia nzima inatumia site-packages. Wazo zuri sana. Limewapa wanaoanza folda mbili zinazofanana majina, zenye kazi ile ile, na kila moja inamkana mwenzake.

Kisha likaja pambo la mapambo yote. Mwaka 2022 watu wa Python walikubaliana kwamba mfumo uweze kuweka faili dogo la kuitahadharisha pip: hapa pana mwenyewe, usiingize kitu. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ikaanza kulitumia. Sasa ukiandika pip install kwenye Python ya mfumo, unazuiwa kwa lugha ya upole na kuelekezwa kwingine. Ila wakaacha upenyo kwa mwenye haraka: aongeze maneno --break-system-packages, yaani anatamka kwa kinywa chake kwamba yuko tayari kuuvunja mfumo. Sijaona mkataba ulioandikwa kwa uaminifu kuliko huo. Na watu wanausaini kila siku, wananakili na kubandika bila kupepesa jicho.

Wasiotaka kuvunja kitu wanaelekezwa kwenye mazingira pepe, yaliyoingia ndani ya Python yenyewe tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012. Kila mradi unapata folda yake na maktaba zake. Maadui wanalalamika kwamba maktaba ile ile, kama numpy, inakaa mara nyingi kwenye diski moja. Hao hawajui maana ya akiba. Kisha yatazameni yalivyo na msimamo: anwani kamili ya mahali yalipozaliwa huandikwa ndani ya skripti zake, kwa hiyo ukibadilisha jina la folda tu, pip yake inaanza kulalamika kwamba Python yake haipo.

Nikiweka utani pembeni kidogo, kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Waliotengeneza lugha wanataka ikae vilevile kila mahali. Waliotengeneza mfumo wanataka kila kilichomo kipite mikononi mwao, na wana haki, maana kikiharibika lawama ni yao. Homebrew na conda nao wana hoja zao, na zote nzito. Asiyeulizwa ni mwenye kompyuta, naye ndiye anayekesha. Wapo waliojaribu kumaliza ubishi, kama watu wa Nix, wanaoweka kila kitu ndani ya /nix/store kwa majina marefu yasiyotamkika ili toleo moja lisiguse jingine. Wamefaulu, na ndiyo maana siwasifu.

Nina ombi kwa wanaoisimamia Python: msije mkapatana. Mwaka 2023 mlikataa pendekezo nambari 582, lililotaka maktaba za mradi zikae ndani ya folda ya mradi wenyewe na Python izikute pale bila kuelekezwa, nami nikashusha pumzi. Endeleeni hivyo hivyo. Nanyi wasomaji, tengenezeni za kwenu nyingi mtakavyo, zipangeni, zipotezeni, zifuteni mkichoka. Ila ile ya /usr/bin, tafadhali, msiiguse. Hiyo si yenu.