Barua ya wazi kwa wakala wa jengo letu, kuhusu kimo

Kwa Mheshimiwa Wakala,
Ofisi ya Usimamizi wa Jengo,
Nairobi.

KUH: MAJI YA BAFUNI, OROFA YA SITA

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka orofa ya sita, ambako sabuni hukaukia mwilini. Nimelisoma tangazo ulilobandika langoni, lile linaloeleza kwamba maji yakitoka kidogo bafuni kosa ni la shawa za umeme ambazo wapangaji wamejinunulia, na kwamba kila mmoja akague yake kabla ya kuisumbua ofisi. Mimi ni mtu wa kutii. Naleta ripoti.

Fundi alianza kwa kuzima swichi kubwa, maana maji na stimu havina utani. Akaifungua shawa na kuosha kile kichujio kidogo kinachokaa pale maji yanapoingilia. Kilikuwa kimejaa mchanga na magamba ya kutu kutoka mabomba ya jengo. Nimeyahifadhi kwenye kikombe, iwapo ofisi itayadai. Uso wa shawa ukalowekwa kwenye siki usiku kucha ili chokaa iachie matundu. Akatafuta kipande cha plastiki chenye tundu jembamba, kinachotiwa kuwapunguzia maji watu waliojaliwa presha kubwa. Hakikuwemo. Koki ilikuwa wazi hadi mwisho. Ndipo akaiondoa shawa kabisa na kukinga ndoo chini ya bomba tupu, na maji yakatoka kwa unyonge uleule. Hapo mshtakiwa akaachiliwa kwa kukosekana ushahidi, na upelelezi ukapanda paani.

Paani tulilikuta tangi la lita 5,000 limekalishwa juu ya slabu kama mgeni wa heshima, bila hata tofali moja chini yake. Maji yanayoshuka yenyewe hupata presha kutokana na kimo peke yake. Upana wa tangi hausaidii, wala rangi yake, wala kufahamiana na ofisi. Kutoka kitako cha tangi hadi shawa yangu ni kama mita moja. Hadi shawa ya jirani wa chini kabisa, ukihesabu mita 3 kwa kila orofa, ni mita 19. Yeye anaoga, mimi natonewa. Tangi likijaa huwa naongezewa kimo cha maji yaliyomo, lakini jengo zima likishaoga saa kumi na mbili asubuhi, nyongeza hiyo nayo huteremka na kwenda kazini.

Sasa shawa yenyewe, maskini, imeumbwa kusubiri maji. Ndani mna kiwambo cha mpira: maji yakikisukuma vya kutosha, huinuka na kuunganisha stimu, koili ikawaka; maji yakilegea, kiwambo hulala na koili huzimika. Kwa hiyo huku juu tunaishi kwa hali mbili. Ya kwanza ni baridi ya Julai isiyo na mjadala. Ya pili hutokea presha ikifika ukingoni tu, koili ikawaka juu ya maji haba. Shawa ya kilowati 5 ikipitiwa na lita 3 kwa dakika huyaongezea maji nyuzi 24 hivi. Ikipitiwa na lita moja na nusu, huyaongezea 48. Anzia nyuzi 18 za maji yetu ya asubuhi, ujumlishe: hayo ni maji ya kunyonyolea kuku.

Wala nisingeandika, kama si ile ankara ya kodi. Orofa ya sita tunalipa zaidi kuliko wote, kwa sababu, umetueleza, ya mandhari: anga ikitakata tunaiona Milima ya Ngong. Sina ugomvi na Ngong. Naona tu kwamba ofisi yako inajua sana kuuza kimo. Umekipima, umekigawa orofa kwa orofa, kila ngazi na bei yake. Kiumbe pekee katika jengo hili ambaye hajapangishiwa kimo ni tangi.

Mnara wa chuma wa mita 3 ungenipa mita 4 badala ya moja. Usimamishwe juu ya nguzo za jengo, si katikati ya slabu, na mhandisi autazame kwanza, kwa kuwa lita 5,000 ni tani 5 za kumwangukia mpangaji anayelipia mandhari. Ukiona chuma ni ghali, iko pampu ndogo inayojiwasha koki ikifunguliwa. Iwekwe kwenye bomba linalohudumia orofa mbili za juu. Na aliyelaza bomba la nusu inchi kwa orofa nzima aulizwe, kwa upole, alikuwa akitarajia watu wa ukubwa gani.

Najua utatushauri tununue shawa yenye nguvu zaidi. Kilowati 7 juu ya maji yaleyale zitamwahisha kuku tu.

Kodi ya mwezi ujao nitaituma kwa simu kama kawaida, ila kwa presha ya orofa ya sita: shilingi kumikumi, taratibu. Ikikatika katikati, usinipigie. Subiri majirani wa chini wamalize kutuma zao.

Wako mtiifu,
Mpangaji, orofa ya sita