Sifa za Mnene wa Cincinnati

Lulu imesifiwa ikasifika, na kamba naye ana watu wake. Leo tumpe haki yake Vinlandostrophia ponderosa, kiumbe asiye na lulu wala minofu, aliyejifia yapata miaka milioni 450 iliyopita bila kumsumbua mtu kwa rambirambi. Makao yake yalikuwa bahari ya kina kifupi iliyofunika nchi ambayo leo ni Ohio, Kentucky na Indiana. Kazi yake ilikuwa kukaa. Alifungua gamba kidogo, akachuja chakula majini, akafunga. Mlitaka afanye nini zaidi?

Kiganjani, sasa akiwa kisukuku, ni andazi la jiwe: zito, limevimba juu na chini. Gamba moja lina tuta katikati, la pili lina bonde la kulipokea. Mara nyingi mbavu nne hupita juu ya tuta na tatu bondeni. Mtazame kwa mbele uone mdomo ulivyopinda-pinda, kila jino limeingia penye pengo lake, hata wembe haupiti.

Mtu wa pwani atasema huyu chaza tu. Hasha! Huyu ni wa faila ya Brakiopoda, na kwao gamba la juu na la chini hayafanani, ila kila gamba kushoto na kulia ni sawasawa. Tena kombe wa kawaida ana misuli ya kufunga tu. Akifa inalegea, anaachama. Mheshimiwa wetu alikuwa na misuli ya kufunga na mingine ya kufungua, kwa hiyo kifo hakikumwachamisha. Huokotwa amefumba mdomo. Marehemu wenye adabu hiyo ni wachache.

Lakini kipaji chake hasa ni ulaghai. Bawaba ndefu iliyonyooka, tuta, bonde, mbavu nene: kwa nje, spirifa mtupu, yaani brakiopoda wa oda nyingine. Ukimpasua, vile vishikizo vya chokaa vilivyojiviringa, ambavyo spirifa walibebea mikono ya kulia chakula, havimo. Ni wa oda ya Orthida, hana undugu wa karibu nao. Na spirifa walipokuja kutamba baharini, yeye alikwisha kutoweka, kwa hiyo sijui nani alimwiga nani.

Majina nayo kayavaa na kuyavua. Zamani alichanganywa na lynx, spishi ya huko Baltiki. Mwaka 1909 mtaalamu wa visukuku August Foerste akampa jina la ponderosa, ndani ya jenasi ya Platystrophia. Mwaka 2007 wataalamu wenzake Zuykov na Harper wakawahamishia jamaa wa Amerika Kaskazini kwenye jenasi mpya, Vinlandostrophia. Kwa makarani wa makumbusho hiyo ni kazi ya kuandika vibandiko upya, droo baada ya droo, maana vilima vya Cincinnati vimemjaa tele, na kila mvua kubwa inaposhuka kwenye kingo za barabara zilizochongwa, huporomoka wengine.