Kabureta Mbili na Hukumu Isiyo na Ushahidi

Miongoni mwa aibu zinazoweza kumpata mwenye gari la kale nchini Uingereza, hakuna inayochoma kama ya gari aina ya MGB kuzimika kwenye taa za barabarani, mara tu taa ya kijani inapowaka, mbele ya basi lililojaa abiria wasio na kingine cha kutazama. Chanzo cha aibu hiyo ni injini kushindwa kutulia, yaani kunguruma kwa mwendo mdogo ulio sawa gari likiwa limesimama. Badala yake hutetemeka, hukohoa, humisi kama mafundi wasemavyo, kisha hukata roho. Hapo husikika starta ikihangaika, huku dereva wa basi akitikisa kichwa kwa huruma ambayo ni afadhali angepiga honi.

Wenye magari hayo, bila uchunguzi wowote, huzitia hatiani kabureta, vyombo vinavyochanganya petroli na hewa kabla ya mchanganyiko huo kuingia kwenye silinda. Kabureta ziko mbili, huonekana mara boneti inapofunguliwa, na zina skrubu. Na mwanadamu mwenye bisibisi mkononi huamini kwamba kosa liko pale panapozungushika. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Hata hivyo, mtu hawezi kulaumiwa kwa kuvutiwa na kabureta aina ya SU. Ndani yake mna pistoni inayopandishwa na mvuto wa hewa wa injini yenyewe, na chini ya pistoni imeshikizwa sindano inayozidi kuwa nyembamba kuelekea nchani, ambayo imezama ndani ya jeti, yaani kitundu cha kupitishia petroli. Kwa hiyo pistoni inapopanda, hewa hupata njia pana zaidi na sindano huachia petroli zaidi, vyote kwa pamoja, pasipo kompyuta wala waya hata mmoja. Juu ya pistoni hutiwa oili kidogo inayoizuia kuruka ghafla dereva anapokanyaga mafuta, ili kwa kitambo petroli iongezeke na gari lisisite. Kwa kuwa kichwa cha injini ya MGB, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,798, kina matundu mawili tu ya kuingizia mchanganyiko, kila kabureta hulisha silinda mbili, na sharti zote mbili zivute hewa sawasawa.

Usawa huo hupimwa kwa mpira mwembamba, ncha moja sikioni na nyingine mdomoni mwa kabureta, mvumo wa huku ukilinganishwa na wa kule. Mwenye gari aliyeumbuliwa mbele ya basi alipiga magoti uani kwa namna hiyo hadi jirani akauliza kama gari linaumwa mapafu. Kisha pistoni huinuliwa kiasi kisichofika milimita moja: mwendo wa injini ukipanda na kubaki juu, petroli ni nyingi mno, injini ikielekea kuzimika, petroli ni haba, mwendo ukipanda kidogo na kurudi, mchanganyiko ni sahihi. Kabureta zote mbili zilifaulu mtihani, na zote mbili zikafunguliwa hata hivyo.

Ushahidi wa kuzitoa hatiani ulikuwapo tangu mwanzo, kwani kabureta moja ikiharibika hudhoofika silinda zake mbili, ilhali hapa zilimisi zote nne, tena baada tu ya mwendo mrefu. Mkosaji alikuwa kondensa, kikopo kidogo ndani ya distributa (kigawa-umeme) kinachozuia cheche kuruka kati ya pointi, yaani vibati vya kuunga na kukata umeme, vinapoachana, ili umeme wa koili uende kwenye plagi. Kondensa mbovu yaweza kufanya kazi ikiwa baridi na kugoma ikipata joto.

Kinachoudhi ni kwamba kondensa hiyo ilikuwa mpya. Ile ya zamani, iliyokuwa nzima, ilitupwa kwa kuwa kitabu cha matengenezo kiliagiza ibadilishwe, na mahali pake pakawekwa ya kuiga, ya aina ambayo wenye magari ya kale wamekwisha kuilalamikia sana. Mnunuzi ndiye anayegeuzwa mpimaji wa ubora, asiyelipwa bali anayelipa, na anaporudisha kilichoharibika huulizwa na muuzaji ni nani aliyekifunga. Hilo si la kuchekesha. Ni dhuluma iliyotiwa ndani ya paketi yenye picha nzuri.



Siku hizi huuzwa kifaa cha kielektroniki kinachochukua nafasi ya pointi na kondensa pamoja. Hakina skrubu ya kurekebishia mwendo wala mchanganyiko. Kwa hiyo siku kitakapoharibika, zitakazofunguliwa ni kabureta.