Nom, NOM na nom

Mimi ni katibu wa chama chetu cha kuweka na kukopa hapa Bukavu. Cheo hiki hakina mshahara, lawama zake ndizo nyingi. Chama kina matawi matatu, moja kwa kila komini: Ibanda, Kadutu na Bagira. Tawi la Ibanda naliandika mwenyewe, mengine mawili yana makatibu wao, na kila mmoja ana faili yake ya Excel yenye majina ya wanachama na michango yao. Jumamosi moja nikaahidi kwamba kesho yake, baada ya misa, nitaleta orodha moja ya chama kizima. Ulimi hauna mfupa.

Kazi yenyewe haikuonekana nzito. Power Query, zana iliyomo ndani ya Excel, huchukua majedwali matatu na kuyapanga moja chini ya lingine, yakawa moja refu. Nikayaunganisha, nikaamuru yapelekwe kwenye modeli ya data, ghala la ndani la Excel, nikaenda zangu kula bugali na sombe. Niliporudi, mashini ilikuwa imegoma: kuna safu imejirudia.

Nikakaza macho. Mkongomani ana majina matatu: nom, postnom na prénom. Hiyo postnom ni urithi wa mwaka 1972, Rais Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo na watu wakachukua majina ya asili badala yake. Prénom, yaani jina la Kikristo, ilirudi baadaye, na postnom haikuondoka. Basi nilitarajia kolone tatu za majina, kama tunavyoziita huku. Nikahesabu tisa. Mimi niliandika Nom. Mwenzangu wa Kadutu, ambaye hata ujumbe wa simu huuandika kama anamwita mtu ng'ambo ya ziwa, aliandika NOM. Yule wa Bagira, mtu wa sauti ya chini, aliandika nom. Na mengine mawili vivyo hivyo.

Kumbe Power Query na modeli ya data ni kama askari wawili wa mpaka mmoja. Wa kwanza hutazama mavazi: Nom na NOM kwake ni wasafiri wawili, wapite. Wa pili hutazama sura, wala hajali herufi kubwa au ndogo: huyu si ndiye aliyepita sasa hivi? Rudi ulikotoka.

Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, na betri ilikuwa imebaki asilimia kumi na moja. Mtu mwenye betri ya namna hiyo hafikiri, huamua. Nikafuta kolone sita, nikabakiza zile tatu zenye mwandiko wangu. Modeli ikakubali mara moja. Nikalala usingizi wa mwenye haki.

Jumapili nikasoma orodha mkutanoni. Wa Ibanda wote walikuwapo, jina kwa jina. Nilipofika Kadutu, michango ilikuwapo, lakini mahali pa jina palikuwa patupu. Bagira pia. Nilikuwa nimefuta kolone zilizobeba majina yao. Fedha haikupotea hata senti, kwa sababu kolone ya fedha sote watatu tuliiandika Montant, M kubwa, bila kuagana. Penye fedha kila katibu huwa makini.

Mama mhazini wa Kadutu akasimama, akarekebisha kitenge chake.

“Papa katibu, franga yetu iko, lakini siye wenyewe hatuko? Ni ba Ibanda tu njo batu?”

Sikuwa na jibu. Kijana wake, mwanafunzi, akavuta kiti karibu na mashini yangu.

“Papa, ulipashwa kutengeneza mbele ya kuchanganya.”

Akarudi kwenye kila jedwali, kabla ya hatua ya kuunganisha, akaongeza hatua moja: Table.TransformColumnNames pamoja na Text.Upper, ambayo hugeuza vichwa vyote vya kolone kuwa herufi kubwa. Akaongeza na Text.Trim, maana wa Bagira alikuwa ameacha nafasi baada ya neno postnom, nafasi isiyoonekana kwa macho lakini Power Query huihesabu kama herufi. Ndipo akaunganisha. Kolone tisa zikarudi tatu, modeli ikapokea, na watu wa Kadutu na Bagira wakafufuka mbele ya mkutano. Dakika tano hazikutimia.

Mzee mmoja akasema hakuona ajabu yoyote. Mji huu wakati wa Wabelgiji uliitwa Costermansville, ukabadilishwa jina bila nyumba hata moja kuhamishwa. Basi kolone ni nini?

Siku hizi vichwa vyote vya faili zetu vinaandikwa kwa herufi kubwa, na katibu wa Kadutu anatembea kama aliyeshinda uchaguzi. Nawe msomaji, ukipewa majedwali matatu uyafanye moja, usianze na mashini. Waketishe kwanza makatibu watatu, wakubaliane vichwa vya kolone. Na kama betri imebaki asilimia kumi na moja, usifute kitu.