Fungu la Mia Tano

Mheshimiwa alifika gengeni kwetu Mbagala wakati wa kampeni, na vijana wawili wa kupiga picha na mmoja wa kumshikia kofia. Akauliza nyanya bei gani. Mama wa genge akajibu: fungu mia tano. Mheshimiwa akaigeukia kamera, uso wa mtu aliyefaulu mtihani, akatangaza kwamba bei haijapanda, maana tangu zamani yeye analijua fungu la mia tano. Akatoa noti ya elfu kumi, akabeba fungu moja, chenji akamwachia mama. Makofi.

Mimi nilikuwa nyuma yake, na sarafu yangu ya mia tano imeshaloa jasho kiganjani.

Nisimsingizie, mheshimiwa hakusema uongo. Fungu lilikuwa mia tano mwanangu wa mwisho alipoanza chekechea, na leo anaota ndevu bado ni mia tano. Kilichobadilika ni wakazi wa fungu. Zamani walikaa wanne chini na mmoja juu, kama kofia. Baadaye watatu na kofia yao. Siku hizi ni watatu vichwa wazi, na mmoja wao ukimgusa tu anatoa machozi.

Uswahilini ndivyo tunavyoishi: bei inasimama palepale, vitu ndivyo vinavyosinyaa. Kopo la mkaa limebonyezwa kitako kikaingia ndani mpaka kimekaribia mdomo. Chapati ukiinyanyua unamwona jirani upande wa pili, mnasalimiana. Mafuta ya kula ya kupima, yule kijana anamimina huku anakuuliza habari za nyumbani, ukija kuangalia kashamaliza. Sasa kiongozi atayajuaje haya kwa kukariri bei?

Uingereza, nasikia, waandishi wana tabia ya kuwashtukiza wanasiasa na bei ya maziwa. Mwaka 2012 mbunge mmoja, Nadine Dorries, aliwasema waziri mkuu David Cameron na waziri wake wa fedha, George Osborne, kwamba ni watoto wa kishua wasiojua bei hiyo, na wote watatu walikuwa chama kimoja! Lakini wenzetu wale maziwa yao yana chupa, na chupa ina kipimo. Huku kwetu ukimuuliza mheshimiwa bei, atapata mia kwa mia. Muulize ni ngapi kwenye fungu.

Kuna kimoja ambacho hakijasinyaa, niwe mkweli. Kodi ya jengo. Ilipoingizwa kwenye LUKU mwaka 2021 ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikawa 1,500. Mwanzo wa mwezi nanunua umeme wa elfu tano, inakatwa kwanza hiyo. Jengo lenyewe la mwenye nyumba, mvua ikinyesha tunahamisha vitanda. Tunaambiwa mpangaji akamdai mwenye nyumba amrudishie. Sawa. Nitakwenda siku mheshimiwa atakayonisindikiza, na aje na wale vijana wa kamera.

Halafu kuna mtungi wa gesi. Serikali ina mkakati wa mwaka 2024 hadi 2034 wa nishati safi ya kupikia, kwamba asilimia 80 ya Watanzania waitumie, na mimi sina ugomvi na mkakati. Mapafu ya mke wangu yaliusubiri kuliko mtu yeyote. Tukagawiwa mitungi ya kilo sita mkutanoni, bure, imejaa. Tulipika maharage kwa raha kama watu wa Masaki. Wiki ya nne mtungi wetu ukakohoa mara mbili, ukazima. Kuujaza ni elfu ishirini na kitu, kwa mkupuo. Nyumba inayokula kwa mia tano mia tano, huo mkupuo unatoka wapi? Duka letu halipimi gesi kwa kopo. Mtungi sasa unazuia mlango wa uani usibamizwe na upepo, na kazi hiyo, niseme haki, unaifanya vizuri.

Basi, turudi gengeni. Msafara ulipoondoka na vumbi lake, nikasogea mezani. Macho yakanitoka: yale mafungu yalikuwa ya nyanya saba saba, nyekundu, zimefutwa kwa kitambaa. Nikaweka sarafu yangu haraka, nikafungua mfuko.

Mama wa genge akaushika mkono wangu taratibu.

"Subiri kwanza, baba," akasema, huku anaziondoa moja moja anazirudisha kwenye tenga. "Haya yalikuwa ya mgeni."