Sifa za Buku Nene

Washairi wa Pwani wamesifu manahodha, masharifu, maarusi na vyombo vya bahari. Buku nene halijapata wa kulisifu. Nasema buku nene kwelikweli: lenye kurasa mamia kwa mamia, ramani za kukunjua, majedwali yasiyo na mwisho, viambatisho vilivyopewa herufi mpaka alfabeti ikachoka, na jalada la plastiki linalonata mkononi wakati wa joto. Wavivu hulisema vibaya na wavumilivu hulikimbia. Leo nalitetea, na sitakwenda mbali kulitafuta. Lilifika Kililana, bara ya Lamu, pamoja na habari za bandari.

Tuanze na nasaba, maana kwetu mtu hasifiwi kabla hajajulikana ni wa ukoo gani. Buku nene la Lamu ni mtoto wa watu. Siyu, kisiwani Pate, wanakili wa karne ya 18 na ya 19 walikuwa wakiandika misahafu kwa mkono na kuipamba kwa rangi. Utendi wa Tambuka, wenye beti zaidi ya elfu moja, uliandikwa Pate mwaka 1728. Msikiti wa Riyadha mjini Lamu unahifadhi hati za kale mpaka leo. Mababu hao walikuwa wa heshima, ila walikuwa na aibu moja: walisomwa. Walisomwa kwa sauti, barazani na misikitini, hata asiyejua herufi akatoka amejua kilichomo. Mjukuu wao, ripoti ya tathmini ya athari za mazingira, amejirekebisha. Ila hiyo hana.

Kuzaliwa kwake nako si kwa kawaida. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki wa Kenya, akiwa na Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudan Kusini, alizindua ujenzi wa bandari iliyopangiwa gati 32, pamoja na barabara, reli na bomba la mafuta vya kuunganisha nchi zao. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka mradi wa namna hiyo utathminiwe kabla ya kuanza. Buku, kwa unyenyekevu wake, halikuona haja ya kutangulia. Wakubwa wakipita, mdogo hufuata nyuma akibeba mizigo.

Sasa fadhila zake. Ya kwanza ni usawa. Mbele ya buku nene profesa na mvuvi wa madema ni sawa: hakuna anayelimaliza. Profesa husoma muhtasari, mvuvi hutazama picha, na wote wawili hulifunga kwa pumzi ileile.

Ya pili ni adabu ya ulimi. Mtu wa Kililana, akiulizwa itakuwaje mlango wa bahari ukichimbwa uongezwe kina, atasema ovyo tu: maji yatachafuka, samaki watahama, mikoko itakatwa, na msimu wa kusi, bahari ya nje inapokuwa haiingiliki kwa mtumbwi, hatutakuwa na pa kuvua, maana tunapotegemea ni haya maji yaliyokingwa na visiwa. Maneno makavu hayo. Buku halisemi hivyo. Buku husema kuna athari hasi za kiwango cha wastani zinazoweza kupunguzwa kwa hatua zifaazo. Kitu ni kilekile, ila sasa kimevaa kanzu na kujipaka manukato.

Ya tatu ni ukarimu. Buku humpa kila mtu nafasi. Kasa wamo, kwa majina ya Kilatini. Matumbawe yamo. Mwenye shamba la mikorosho na miembe aliyorithi kwa babu, asiye na hati ya kumiliki, naye yumo, kwenye safu ya wadau. Na aliyehudhuria mkutano akatia saini kwenye karatasi ya mahudhurio anapata daraja ya juu zaidi: jina lake huingia kwenye kiambatisho. Alikwenda kuuliza swali moja, hakujibiwa, akanywa soda, akarudi nyumbani. Hakujua kuwa ameshageuka kuwa ushahidi kwamba wananchi wameshirikishwa.

Ya nne, na kuu kuliko zote, ni uwezo wa kutuliza mabaraza. Liweke juu ya meza kuu, kando ya chupa za maji. Akisimama mzee kuuliza kuhusu malipo ya shamba lake, mgeni wa heshima hana haja ya kubishana. Huliwekea mkono tu na kusema, "Mzee wetu, yote yamo humu ndani." Nani atapinga? Ili apinge lazima alifungue, na ili alifungue lazima aende ofisini saa za kazi, aache wavu wake, alipe nauli, kisha asome Kiingereza cha wahandisi.

Najua wapinzani watasema nini. Watasema kanuni za mwaka 2003 zinataka mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu, na matangazo ya redio kwa lugha ambazo watu wanazielewa. Watasema Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia, na Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari. Nawajibu kwa upole. Buku likija kwa Kiswahili, watu wataelewa. Wakielewa, watauliza. Wakiuliza, watahitaji kujibiwa. Na akijibiwa kila mwenye swali, gati zitajengwa lini?

Mwenye sifa nyingi hakosi adui, na adui wa buku nene ni mtu mwenye nafasi ya kukaa nalo. Wavuvi na wakazi wa Lamu, Mohamed Ali Baadi na wenzake, walifungua kesi, Ombi namba 22 la mwaka 2012. Huko mahakamani buku likakutana na balaa ambayo halikuandaliwa kwayo: watu ambao kazi yao ni kusoma. Majaji hawatishwi na unene. Wao wenyewe ni wazalishaji wakubwa wa unene. Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ilijibu kwa hukumu ndefu: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na zimevunjwa haki zao za kupata habari, za mazingira safi na za utamaduni wao. Wavuvi wapatao 4,600 wakaamriwa walipwe shilingi bilioni 1.76. Ukizigawa sawasawa, ni kama shilingi 380,000 kwa mvuvi mmoja. Nitajieni utenzi uliowahi kuahidi wasikilizaji wake kiasi hicho.

Mwaka uliofuata balaa ikarudi. Kwasasi, bara hiyohiyo, palipangwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, nao ulikuja na buku lake. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la rufaa la mazingira lilifuta leseni ya mradi huo. Kosa moja lilikuwa la mpangilio wa siku: wananchi waliitwa mikutanoni kabla ya utafiti, wakaambiwa kuna mradi unakuja; utafiti ulipokamilika na madhara yakajulikana, hawakuitwa tena kuelezwa. Kwa maneno mengine, walishauriwa kikamilifu kuhusu kitu ambacho kilikuwa hakijaandikwa.

Msidhani buku limevunjika moyo. Gati ya kwanza ya bandari ilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, na Rais Uhuru Kenyatta alikuwepo. Hukumu ilikuwa nene, buku lilikuwa nene, lakini zege lilikuwa nene kuliko vyote viwili.

Kwa hiyo naomba wanaoandika mabuku wasisikilize kelele za kutaka yafupishwe. Buku fupi ni hatari kwa wanyonge, kwa kuwa lililoachwa nje haliwezi kushitakiwa. Katika kurasa mia nane daima hupatikana ukurasa mmoja ambapo mtaalamu, kwa kuchoka, ameandika ukweli, na ukurasa huo ndio wakili anaoutafuta. Liongezeni unene mtakavyo. Liongezeni ramani, majedwali na Kilatini. Masharti ya watu wa Kililana ni mawili tu, nayo si magumu kwa mwenye nia njema: lisomwe barazani kwa Kiswahili, na lifike kabla ya katapila.